Washairi Walivyotaka Kumzika Mume Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha na koti la Murman likiwa limetandazwa kitandani kwangu, na wifi yangu Guliko amelikumbatia analia. Kwa aliyekosa gazeti: Murman ni mume wangu, mshairi wa hapa hapa Kutaisi. Alikwenda Ugiriki kuchuma machungwa ili tupate pesa ya kuezeka paa. Akawa anapiga simu, halafu akapunguza kupiga, halafu kimya.

Ndipo akaja bwana mmoja wa Samtredia, mji wa jirani, na koti mkononi. Alisema walikuwa wanalala chumba kimoja, na asubuhi moja Murman alitoka kwenda bandarini kutafuta kibarua, asirudi. Maiti hakuna. Cheti hakuna. Koti tu, na sasa mwaka umepita.

Mimi si mshairi. Mimi nauza jibini sokoni. Lakini nusu ya maisha yangu nimewapikia washairi wa mji huu, na nawajua kwa matumbo yao kuliko kwa beti zao. Sasa sikilizeni walichonifanyia, halafu mniambie kama kuna mwanamke mwingine yamemkuta.

Jumatatu asubuhi Ushangi akaja kwenye meza yangu. Ushangi ndiye mwenyekiti wa Chama cha Washairi, mwanaume mrefu, sauti ya kanisani hata akiomba chumvi. Akaonja jibini, akaonja tena, akafumba macho.

"Lamara, dada yangu, hili la leo ni la mbinguni."

"Sema shida yako, Ushangi. Kuonja huwa unaonja kila siku. Kusifu ndiyo leo."

"Diwani imekwama."

Hiyo diwani mji mzima unaijua. Washairi wote wa Kutaisi, walio hai na waliotangulia, ndani ya kitabu kimoja. Wameigombania mpaka wamechoka: nani aanze, nani awekewe picha, nani apewe kurasa nyingi. Kuna ndugu wawili wa tumbo moja hawasalimiani mpaka leo kwa sababu mmoja yuko ukurasa wa kulia na mwingine wa kushoto.

"Imekwama wapi?"

"Kwa Murman."

Akanieleza. Mfadhili, tajiri mmoja wa mvinyo, hatoi hata senti kama shairi la Murman halifungui kitabu, maana kwa shairi hilo ndipo alipompata mkewe. Na mchapaji ana masharti yake: mshairi aliye hai aweke sahihi mwenyewe, aliyekufa asainiwe na mjane.

"Basi asaini Murman."

"Lamara."

"Nini?"

"Atasaini vipi?"

"Atasaini akirudi."

Ushangi akavua kofia. Mwanaume wa kwetu akivua kofia mbele yako sokoni, ujue soko zima limeshaona. Muuza karoti wa pembeni aliacha kunadi karoti zake, akatega sikio waziwazi.

"Saini kama mjane, dada yangu," akasema kwa upole. "Mpe Murman ukurasa wa kwanza. Si ndicho alichokitaka maisha yake yote?"

Nilishika kisu cha jibini. Sikumtishia, nilikishika tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyerudi nyuma.

"Mume wangu hajafa mpaka nimwone amekufa. Kofia yako vaa, jua kali."

Hakuvaa. Alizungusha ile kofia mikononi, halafu akaja na lingine. "Basi njoo Jumapili. Tunakula kwangu, tunaibariki diwani. Mfadhili atakuwepo. Akikuona umekaa na sisi, atalegea."

"Mkuu wa meza nani?"

"Mimi."

"Utamtaja Murman?"

"Nitamtaja, nisimtaje vipi?"

"Kwenye glasi ipi?"

Hapo akaacha kuizungusha kofia. Aliijua maana ya swali langu. Mezani kwetu hainywewi ovyo. Mkuu wa meza ndiye anayesema, wengine wanasikiliza, na kila glasi ina mwenyewe. Glasi ya amani, ya nchi, ya wazazi, ya marehemu, ya watoto, ya walio mbali. Jina likishatajwa na watu wakishakunywa, limekwisha, halirudi. Namjua msichana aliyeposwa kwa glasi namna hiyo. Kesho yake akakataa, na mji mzima ukamshangaa: sasa wewe si tumeshakunywea?

"Utamtaja kwenye ya walio mbali," nikasema. "Siyo ya marehemu."

"Ya walio mbali."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Nikamfungia kipande cha jibini, tena pesa sikuchukua. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Nyumbani nikamkuta binti yangu Tekla anaosha vyombo. Tekla yuko chuo, na yeye anaandika mashairi. Balaa la baba limehamia kwa mtoto, na shairi lake moja limeingia kwenye diwani. Nikamsimulia yote nikijisifu, jinsi nilivyombana Ushangi mpaka akaapa.

"Mama," akasema bila kugeuka, "kwa nini usisaini tu?"

"Umesema?"

"Saini. Yaishe."

"Tekla, unamzungumzia baba yako!"

Akatupa kitambaa kwenye beseni. "Namzungumzia mama yangu! Unaishi maisha gani wewe? Harusini huendi, eti si mwenye mume. Msibani hukai na wajane, eti si mjane. Nyekundu huvai, nyeusi huvai. Kahawia! Mwaka mzima kahawia! Hata kucheka unaangalia kwanza nani anakuona."

Nilitaka kumzaba kibao. Nikaona macho yake yamevimba, mekundu, kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Nikajua ni uchungu wa kumlilia baba, nikamwonea huruma, mkono ukashuka.

"Nenda kalale," nikamwambia. "Vyombo nitamaliza."

Jumamosi akaja Guliko na mfuko. Guliko ni dada yake Murman, mkubwa kwake, hana mume wala mtoto. Murman ndiye alikuwa kila kitu chake. Akaweka mfuko juu ya kiti, akatoa gauni jeusi lililopigwa pasi.

"Wifi, nimekuletea nguo ya kesho."

"Sikuagiza."

"Vaa, Lamara. Watu wanasema."

"Waache waseme, midomo ni yao. Kwani wewe umeona wapi watu wanazika koti?"

"Hujui uchungu wangu wewe!"

"Nisiujue mimi? Nalala na nani mimi?"

"Angalau wewe umeamua!" Guliko akapiga kelele, na Guliko hapigi kelele. "Umeamua yuko hai, umetulia. Mimi je? Kanisani mshumaa wa walio hai unawashwa juu, wa marehemu unawashwa chini. Kila Jumapili nasimama katikati na mshumaa mkononi kama mwizi. Nta inaniyeyukia vidoleni. Niuweke wapi, Lamara? Niambie, wewe mwenye mume!"

Akanionyesha vidole. Kweli, vilikuwa na alama za kuungua.

Nikamkaangia mayai. Akala akilia, akaondoka, gauni akaliacha kwenye kiti.

Jumapili nikavaa la kijani. Makusudi kabisa. Nikajipaka na rangi ya mdomo, nikamshika Tekla mkono, tukaingia uani kwa Ushangi nimeinua kichwa. Waliotugeukia walikuwa wengi, na hakuna aliyesema umependeza.

Meza ilikuwa ndefu chini ya mizabibu. Mikate ya jibini inatoa moshi, kuku wa kitunguu saumu, maharage kwenye vyungu, ugali umechanganywa na jibini langu mwenyewe. Lakini hakuna aliyekuwa anakula. Wote walikuwa wamejazana mwisho wa meza, wamelizunguka lile toleo la majaribio lililotoka kwa mchapaji. Kila mmoja anafunua ukurasa wake, anausoma, anaubusu kwa macho, anafunika. Wa mwenzake hausomi.

"Lamara!" Otia akaniita. Otia ni mzee wa mashairi ya kejeli, anakunywa kuliko anavyoandika, na Murman alikuwa akimpenda kuliko wote. "Njoo uone dhuluma! Nimepewa nusu ukurasa. Mimi! Na picha wamenikata, imebaki pua."

"Pua yako yenyewe ingejaza ukurasa mzima. Hebu nionyeshe wa Murman."

Otia akakifunga kitabu. Alikifunga haraka, na Otia siku hizi hafanyi kitu haraka.

"Kula kwanza, mama."

"Otia."

"Kula kwanza. Mengine yakukute umeshiba."

Nikamnyang'anya. Ukurasa wa kwanza kabisa, kama alivyoahidi Ushangi. Picha ya Murman na masharubu yake, anacheka. Na kuizunguka picha, fremu nyeusi.

Kwetu fremu nyeusi ni ya mtu mmoja tu, aliyekufa. Chini yake waliandika mwaka aliozaliwa, wakapiga kistari, halafu wakaacha nafasi.

"Ushangi!"

Akaja mbio, glasi mkononi. "Kosa la mchapaji, dada yangu. Nitamwambia."

"Utamwambia lini?"

"Kesho."

"Mpigie sasa."

"Leo Jumapili, Lamara!"

Kabla sijamjibu, mzee mfupi mwenye suti nzuri akanishika mkono, akaubusu. Ndiye mfadhili.

"Pole sana, mama. Pole sana kwa msiba. Lile shairi lake ndilo lililonipa mke." Na hapo hapo, machozi yanamlengalenga, akalighani:

"Mvua ikinyesha ng'ambo ya mto,
mwambieni mke wangu aanue nguo."

Mji mzima unalilia mistari hiyo. Siku ile ilipoandikwa, nguo nilianua mimi, mbio, nimelowa chapachapa, na yeye yuko dirishani anatafuta neno. Nilimtukana sana siku ile. Sasa nikaisikia kutoka kinywani mwa mgeni, nikauvuta mkono wangu.

"Nani amekwambia nimefiwa?" nikamuuliza.

Mfadhili akamtazama Ushangi. Ushangi akapaza sauti. "Kaeni, jamani, kaeni! Chakula kinapoa!"

Mtasema, kwa nini hukuondoka? Ningeondoka wangemzika bila mimi. Nikakaa.

Ushangi akaanza. Nakiri, anajua kusema yule mtu. Akanyanyua glasi ya amani, tukanywa. Ya nchi, tukanywa. Akasema ya wazazi mpaka mke wa jirani akatoa leso. Tekla alikaa kando yangu, mkate wake hakuugusa, anaumega tu vipande vidogo vidogo na kuvipanga mezani.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Basi kula."

"Mama, chochote watakachosema leo, wewe kunywa tu. Nakuomba."

Sikupata nafasi ya kumuuliza maana ya maneno hayo. Ushangi alishasimama na glasi ya marehemu, na kwa glasi hiyo watu wote husimama. Tukasimama. Akaanza kuwataja washairi wa mji waliolala, mmoja mmoja, kwa jina na kwa sifa yake. Nilikuwa nahesabu moyoni nikiomba amalize. Akafika kwa yule aliyefariki wakati wa theluji, wa mwisho ninayemjua mimi. Nikapumua.

"Na yupo mmoja," Ushangi akasema, "ambaye bado hatujamlilia."

"Usithubutu," nikasema. Nilisema polepole, hakuna aliyenisikia.

"Murman wetu. Mume wa dada yetu Lamara, baba wa Tekla, ndugu wa Guliko. Bahari ya ugenini ilimchukua. Udongo wa kwetu haukumpata, basi na apate mvinyo wa kwetu."

Nikakaa.

Mtu mmoja alishtuka kwa sauti. Kukaa wakati wa glasi ya marehemu ni kuwatukana wafu wa kila aliyesimama pale. Najua hivyo, nimelelewa hivyo. Na bado nikakaa.

"Lamara, simama."

"Uliapa."

"Simama, dada yangu, watu wanakutazama."

"Uliapa kwa kaburi la mama yako!"

"Na mama atanisamehe!" Ushangi naye sauti ya kanisani ikampotea. "Alipenda mashairi kuliko wewe! Wewe ulikuwa unamtuma Murman sokoni akiwa na ubeti kichwani!"

"Na ubeti mngekula? Nyote hapa mmekula kwangu! Kuna mmoja hajala kwangu? Anyooshe mkono!"

Mikono yote ilikuwa juu tayari, imeshika glasi. Hakuna anayeruhusiwa kunywa kabla ya mwenye marehemu kumwagia mkate mvinyo na kunywa yeye kwanza. Na mwenye marehemu ni mimi, nimekaa. Wakabaki hivyo hivyo, glasi zinatetemeka, mvinyo unawachuruzika mikononi.

Otia akashusha glasi yake, akakaa. Peke yake.

"Otia, hata wewe?" Ushangi akafoka.

"Mimi nimezoea kunywa na Murman," mzee akasema. "Kumnywea sijazoea. Kwanza mkono unaniuma."

Watu wawili wakacheka, wakajutia kucheka. Ningembusu yule mzee. Nilidhani nimeshinda.

Ndipo Guliko akazunguka meza. Alikuwa amevaa nyeusi, yeye. Akapiga magoti kwenye changarawe mbele ya kiti changu, mwanamke mkubwa kwangu, mwenye maumivu ya miguu, akanishika sketi.

"Wifi, nimekukosea nini? Niruhusu nimlilie ndugu yangu. Sikuombi kingine. Niruhusu tu."

"Inuka, Guliko."

"Siinuki."

Ushangi akaona nimeyumba, hakunipa nafasi. Kwetu mkuu wa meza anaweza kumkabidhi mtu glasi aimalizie yeye kwa maneno yake, na ukishakabidhiwa hukatai. Akanyoosha mkono kunielekea.

"Haya. Glasi nakukabidhi wewe, Lamara. Mtaje mwenyewe unavyotaka. Useme yuko hai, sote tutamnywea uhai, na diwani ife, nitamrudishia bwana huyu pesa zake leo hii. Lakini simama utuambie yuko wapi."

Yuko wapi?

Jamani, mimi najua yuko wapi? Nilisimama. Nikamtazama Ushangi, nikamtazama mfadhili aliyekuwa anafuta jasho, nikamtazama Guliko pale chini.

Sasa niwaambie kitu ambacho hata padri sijamwambia. Kwa muda wote ule wa kusimama, nilikuwa natamani awe amekufa. Msinilaani kabla sijamaliza. Mume aliyekufa hajakuacha. Amekufa tu, masikini, alikuwa njiani kuja na bandari ikamkatisha. Lakini mume aliye hai ambaye hapigi simu, huyo amekuacha, na kila asubuhi unayoamka anakuacha tena. Nimemtetea Murman asife, na kila nikimtetea, najitukana mwenyewe. Nilikuwa nimechoka. Nikaona huruma ya Mungu iko ndani ya ile glasi, na watu wote wale wananisihi niichukue.

Nikachukua kipande cha mkate. Nikakimwagia mvinyo.

"Murman," nikasema. "Mume wangu. Nilikutukana kwa sababu ya nguo. Mungu akupumzishe."

Guliko akaachia kilio. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeshikwa koo mwaka mzima halafu akaachiwa. Wanawake wakakipokea. Ushangi akajifuta machozi, na nadhani yalikuwa ya kweli. Hata Otia akasimama.

Nikapeleka glasi mdomoni.

Mkono ukanidaka. Mvinyo ukaruka, ukanimwagikia kifuani, gauni lote la kijani likalowa. Tekla alikuwa amenishika kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote.

"Usinywe, mama."

"Niache, Tekla. Si wewe uliyeniomba ninywe?"

"Nimeshindwa. Nilidhani nitaweza, nimeshindwa. Usinywe." "Baba yuko hai."

Kilio kikakatika.

"Binti," Ushangi akasema, "glasi ya marehemu haichezewi."

"Sichezi. Nimeongea naye jana."

"Jana?" nikasema.

"Na wiki iliyopita. Na kabla ya hapo. Ananipigia mimi."

Guliko akainuka kutoka kwenye changarawe bila kushikwa na mtu. "Yuko hai? Ndugu yangu? Yuko hai!" Akamrukia Otia, akambusu kichwa, akambusu na mfadhili, akawa anacheka na kulia na kujifanyia ishara ya msalaba vyote kwa pamoja. "Mungu mkubwa! Juu! Mshumaa wangu unakwenda juu!" Watu wakaanza kushangilia. Mmoja akapiga kelele kwamba hili lenyewe ni shairi. Washairi bwana, hata pale.

Mimi nilikuwa sijasogea. Nilikuwa namtazama mwanangu usoni, na mwanangu hakuwa na furaha.

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Amefungwa?"

"Hapana, mama."

"Koti lake je? Yule bwana wa Samtredia?"

"Alitumwa na baba. Alipewa maneno ya kusema."

Shangwe zikapungua. Wale wa karibu walishasikia, wakawa wanawavuta mikono wa mbali wanyamaze. Guliko akabaki na mikono yake mabegani kwa Otia.

"Tekla," nikasema, "baba yako alijua habari za leo?"

"Nilimwambia. Nilimwambia nimeiona fremu nyeusi kwa mchapaji, na kwamba watamnywea, na kwamba wewe utakataa mbele za watu uaibike. Nilimwambia apige simu, baba, piga simu moja tu, umwambie mama mwenyewe. Nikamlilia."

"Akasemaje?"

Akatikisa kichwa.

"Akasemaje, Tekla? Nimesimama hapa nimelowa mvinyo mbele ya mji mzima. Sema."

"Akasema, 'Mwache mama yako anywe.'"

Walikuwa bado wamesimama wote, glasi mikononi, na glasi ya marehemu ilikuwa bado yangu. Nilikuwa nimekabidhiwa, na sikuwa nimeimaliza.

Nikaifuta kwa kiganja. Nikamnyooshea Ushangi.

"Nijazie," nikamwambia. "Mpaka juu."